Mbona Hakuna Pweza Port Victoria? Rada Yote ya Maji ya Chumvi na Maji Baridi

Ukizunguka soko la Busia upande wa samaki, unajua tu chenye utapata. Omena imemwagwa kwa gunia, mbuta imekatwa vipande, ngege ya kukaanga inakuangalia na jicho moja, na ukiwa na bahati kuna kamongo. Ukivuka kwa Waganda ni samaki walewale, wamebadilishiwa tu majina. Omena inaitwa mukene, mbuta inaitwa mputa. Lakini hakuna siku utaskia mama akipigia wateja kelele ati "pweza! pweza hapa!" Hakuna.

Na si ati ziwa ni dogo. Ziwa Victoria lina kama kilomita mraba 68,800, yaani chukua Rwanda, ongeza Burundi, na bado ziwa linawashinda. Lina mawimbi, lina visiwa, lina ufuo wa mchanga. Ukisimama Port Victoria jioni na hujui uko wapi, unaeza dhani uko Kilifi. Ndio maana kila mara msee akirudi kutoka Diani na picha za chini ya maji, lile swali linarudi: kwani sisi huku Busia hatuwezi kuwa na matumbawe yetu? Si tungeomoka na watalii?

Jibu fupi ni zii. Matumbawe yanayojenga miamba ni ya maji ya chumvi pekee, na hakuna aina hata moja inayojenga mwamba kwa maji baridi. (Nikisema maji baridi namaanisha yale hayana chumvi, hata kama jua limeyachoma yakawa moto. Watu wa Pwani huyaita maji matamu.) Jibu refu ndio tamu zaidi, na kama uko na kidimbwi cha samaki nyumbani, lina doo ndani.

Kwanza tukubaliane tumbawe ni nini, juu wengi hudhani ni jiwe, na wengine wanadhani ni mmea wa baharini. Manze, ni mnyama. Mnyama mdogo, laini, ana mdomo na vimikono vya kunasa chakula, na anakaa mahali pamoja maisha yake yote. Mwili wake ni laini lakini anajijengea kijumba cha chokaa chini yake. Anakufa, mwingine anajenga juu yake, miaka elfu kadhaa inapita, unapata mwamba mzima. Fort Jesus, ile Wareno walianza kujenga Mombasa mwaka wa 1593, imejengwa na mawe ya hao wanyama. Nyumba za zamani za Lamu pia. Hata simiti ya Bamburi, tangu miaka ya 50 imekuwa ikichimbwa kwa matumbawe ya kale.

Hapo najua kuna mtu wa Malaba ashaanza kubishana. Siku anga iko safi, ukiwa Malaba unaona ule mwamba wa Tororo ng'ambo, na Tororo wanatengeneza simiti kutoka kwa chokaa ya huko huko. Sasa hiyo chokaa ilitoka wapi kama hakukuwa na bahari? Ilitoka kwa volkano. Tororo ni mabaki ya volkano ya aina nadra, ile ambayo uji wake wa moto ulikuwa umejaa chokaa. Kwa hivyo simiti ya Mombasa ni mifupa ya wanyama wa baharini na simiti ya Tororo ni volkano iliyopoa. Ukijenga ukuta huwezi jua tofauti.

Turudi kwa chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina kama gramu 35 za chumvi. Lita moja ya Ziwa Victoria haifikishi hata robo gramu. Na damu ya samaki wengi, awe wa ziwani au wa baharini, ina chumvi karibu theluthi moja ya ile ya bahari. Shika hiyo ya damu, ndio siri ya kila kitu.

Umewahi kutengeneza kachumbari? Ukikata kitunguu ukakiweka chumvi, baada ya dakika kadhaa bakuli linajaa maji. Hukuweka maji. Yametoka ndani ya kitunguu kufuata chumvi. Maji hupenda kwenda upande ulio na chumvi nyingi, na ngozi nyembamba haiwezi kuyazuia. Wanasayansi wanaita hiyo osmosisi, lakini mama yako ashaijua toka zamani, anaiita kutoa ukali wa kitunguu.

Sasa fikiria ngege ndani ya ziwa. Damu yake ina chumvi kushinda maji yanayomzunguka, kwa hivyo maji yanamwingia saa zote, mchana na usiku, kupitia matamvua, hapo anapopumulia. Asipofanya kitu atafura apasuke. Anachofanya ni kutokunywa maji karibu kabisa, na kukojoa bila kupumzika, mkojo mwepesi kama maji tu. Na kwa sababu chumvi kidogo inatoroka na huo mkojo, matamvua yake yana seli maalum za kunasa ile chumvi kidogo iliyo ziwani na kuirudisha ndani.

Samaki wa baharini yuko kwa shida ya kinyume. Yeye ndio kitunguu cha kachumbari. Bahari inamnyonya maji. Kwa hivyo anakunywa bahari siku nzima, anatoa chumvi kupitia matamvua, na mkojo wake ni kidogo sana. Yaani samaki anaishi ndani ya maji na bado maisha yake ni kupambana na kiu.

Ukielewa hapo utaona kwa nini huwezi chukua changu wa Mombasa ukamwachilia Sio Port. Mwili wake umepangwa kutupa chumvi nje na kubakisha maji. Umpeleke ziwani, ataendelea kutupa chumvi ambayo haipo, huku maji yanamwingia. Mbuta naye ukimtupa Indian Ocean atakauka akiwa ndani ya maji. Ni kama afisa wa forodha wa pale mpakani aliyefunzwa kukagua magari yanayoingia tu, halafu siku moja umgeuzie foleni yote ianze kutoka.

Na samaki angalau ana figo. Tumbawe halina figo, halina matamvua, halina hata damu. Lenyewe huacha tu chumvi ya mwili wake ilingane na ya bahari. Ndani sawa na nje, hakuna vita. Mpango mzuri sana, almradi bahari ibaki vile ilivyo. Ukilileta Ziwa Victoria, seli zake zinafura na kupasuka, na stori inaishia hapo.

Lakini chumvi si kila kitu. Tumbawe la kujenga mwamba lina mpangaji. Ndani ya ngozi yake kunaishi mwani mdogo sana, huwezi uona kwa macho, na huo mwani unatumia jua kutengeneza chakula, halafu unamlipa landilodi kodi kwa sukari. Sehemu kubwa ya chakula cha tumbawe ni hiyo kodi. Kwa hivyo linataka maji maangavu na jua la kutosha. Enda Port Victoria, mahali Mto Nzoia unamwaga udongo wote uliotolewa mashambani huko juu, kisha uniambie unaona nini ukizamisha mkono. Hata tungetia chumvi ziwa lote, bado giza lingeua matumbawe.

Ushahidi uko hapa hapa Kenya. Ukiangalia ramani ya Pwani, miamba ya matumbawe imefuatana na ufuo kutoka mpaka wa Tanzania, inapita Kisite, Mombasa, Watamu, Malindi. Lakini ukifika maeneo ambako Mto Sabaki na Mto Tana zinaingia baharini, mwamba unakatika. Yaani bahari ni ileile, joto ni lile lile, lakini maji matamu na matope ya mito yamefunga hiyo biashara. Watamu na Malindi zilifanywa mbuga za baharini mwaka wa 1968, na hadi leo tishio moja kubwa kwa Malindi ni udongo wa Sabaki. Udongo huo unatoka mbali, mashamba ya juu, hata Ukambani na huko nyuma ya Nairobi.

Tishio lingine ni joto. Maji yakizidi joto kidogo tu kwa wiki kadhaa, tumbawe linafukuza mpangaji. Linabaki jeupe, linaanza kufa njaa. Mwaka wa 1998, wakati wa ile El Niño watu wa Budalangi wanaikumbuka kwa mafuriko, Pwani ilipoteza sehemu kubwa sana ya matumbawe yake. Mvua ile ile iliyowafukuza watu Bunyala ilitoka kwa bahari moja iliyochemka ikageuza miamba ya Malindi kuwa mifupa mitupu. Na mvuvi wa Pwani hajali sana kuhusu picha za watalii. Miamba ya matumbawe inafunika chini ya asilimia 1 ya sakafu ya bahari lakini karibu robo ya aina zote za viumbe wa baharini wanaitegemea. Mwamba ukifa, changu anahama.

Tuseme pia ukweli, kuna familia nzima za viumbe hazijawahi kuingia maji baridi, popote duniani. Pweza na ngisi, hakuna hata mmoja. Samaki-nyota na urumi wa baharini, hakuna. Wako na mamia ya mamilioni ya miaka duniani na bado hawajapata mbinu. Kwa hivyo mtu akikuuzia stori ya pweza wa Ziwa Victoria, huyo anatafuta views.

Wengine walivuka. Kaa wapo kwa mito ya huku Western, wale wadogo unapata chini ya mawe. Kamba pia wapo ziwani, wadogo sana, Waluo wanawaita ochong'a, na huwa wanavuliwa pamoja na omena. Hata binamu wa tumbawe waliingia, ila si wale wa kujenga. Kuna kiwavi wa maji, mdogo wa umbo kama uzi, na kuna kiwavi-mwavuli, yule mnyama wa jeli wa Ziwa Tanganyika, ambaye anaelea huko ndani, kilomita mamia kutoka baharini. Si wengi wanajua.

Konokono nao walivuka, na hapa ndio nakuomba usikilize vizuri, kama wewe ni wa kuruka ziwani kila Jumapili. Kichocho kinahitaji konokono wa maji baridi. Kile kidudu kinakua ndani ya konokono, kinatoka, kinaogelea, kinapata ngozi yako kinapenya. Baharini hao konokono hawaishi, ndio maana unaeza ogelea Nyali wiki nzima usipate kichocho, lakini dakika chache za kuosha pikipiki kando ya ziwa zinatosha. Ile ya Ziwa Victoria mara nyingi inashambulia matumbo na ini. Ukiona tumbo linauma kila saa na kuna damu kwa choo, usikae na hiyo kitu, enda kituo cha afya upimwe. Dawa yake ipo na inafanya kazi.

Halafu kuna wale hawajui mpaka ni nini. Busia na Malaba ndio zilitoa neno boda boda, wale jamaa wa baiskeli waliokuwa wanabeba watu na mizigo kutoka mpaka mmoja hadi mwingine tangu miaka ya 60. Basi majini pia kuna boda. Mkunga wa Mto Tana na Galana huzaliwa baharini, anapanda mto akiwa mdogo kama kijiti cha kibiriti, anakaa huko juu miaka mingi, halafu akizeeka anashuka tena Bahari ya Hindi kutaga mayai na kufa. Njiani mwili wake unabadilisha mtambo mzima, matamvua yanaacha kunasa chumvi yanaanza kuitupa. Kuna papa anayeitwa papa ng'ombe ambaye hupanda Mto Zambezi mbali ndani.

Na bingwa wa wote yuko Magadi. Kuna ngege mdogo anaishi kwa yale maji ya magadi, ya moto, mahali pengine yanapita nyuzi 40, makali ya kuchoma ngozi. Samaki wa kawaida hutoa uchafu wa mwili wake kama amonia, lakini kwa yale maji amonia haiwezi kutoka. Huyu anatoa yurea, kama wewe na mimi. Ndio maana nacheka msee akisema ngege ni samaki wa kawaida. Familia yake imejaribu kila aina ya maji kwa hii nchi.

Sasa, kama hatuna matumbawe, tuna nini? Tulikuwa na kitu kilichokuwa kinakaribia. Wanaita fulu. Samaki wadogo, rangi za kila aina, bluu, nyekundu, manjano, kila mmoja na kazi yake. Huyu anakula konokono, yule anakwangua mwani kwa mawe, mwingine anakula magamba ya wenzake. Wanasayansi wamehesabu kama aina 500, na karibu zote hazipatikani mahali pengine duniani. Ajabu ni kwamba ziwa lenyewe lilikauka karibu miaka 15,000 iliyopita. Kwa hivyo huo utajiri ulizaliwa kwa muda mfupi sana. Pwani wana miamba, sisi tulikuwa na fulu.

Miaka ya 50 na mwanzo wa 60, mbuta aliletwa Ziwa Victoria. Hakuwa wa hapa. Alikuwa wa Nile ya chini, Albert na Turkana. Chumvi ilimruhusu, maji yalikuwa baridi tu kama ya kwao, na hakuna kitu cha kumzuia. Miaka ya 80 akalipuka. Fulu wakaliwa, aina mamia zikapotea au zikabaki chache mno. Upande mwingine wa hiyo stori ni kwamba mbuta alileta viwanda, alileta pesa ya kigeni, alisomesha watoto wa ziwani. Ukiuliza mzee wa Port Victoria kama angependa mbuta asingeletwa, hutapata jibu moja.

Hata ngege unayokula Busia leo si ngege ile babu yako alikuwa anakula. Ile ya asili ilisukumwa nje na ngege ya Nile iliyoletwa miaka hiyohiyo. Ya asili bado ipo Ziwa Kanyaboli, huko Siaya, karibu tu na sisi, imefichwa na mafunjo. Na wale "samaki wa China" walioleta kelele nyingi, wengi wanadhani wametoka baharini huko mbali. Hapana. Ni ngege ya Nile, imefugwa kwa vidimbwi vya maji baridi huko China. Samaki wa Afrika ameenda masomo ng'ambo akarudi kwa barafu.

Nilisema kuna doo. Vijana wengi wa Busia wameingia ufugaji, vidimbwi kwa boma au vizimba ziwani, na pesa nyingi hupotea siku ile ya kusafirisha vifaranga. Unanunua elfu moja, unafika nyumbani na mia sita, unalaumu aliyekuuzia. Mara nyingi sababu ni osmosisi. Kifaranga akishikwa na wavu, ule ute wa ngozi unatoka, magamba yanachubuka, na maji yanamwingia kwa kasi kushinda figo zake. Wafugaji wenye uzoefu hutia chumvi kidogo kwa maji ya safari, gramu chache tu kwa lita, ndio tofauti kati ya damu ya samaki na maji ipungue na apumzike. Chumvi hiyohiyo hutumika kuogesha samaki wenye ukungu kwa ngozi. Kipimo uliza afisa wa uvuvi wa kaunti kabla hujamwaga kilo nzima, juu ikizidi unamgeuza kachumbari. Na ukifika, usimwage vifaranga mara moja. Weka mfuko juu ya kidimbwi kwanza maji yalingane joto, halafu uongeze ya kidimbwi pole pole.

Chumvi yenyewe haiko mbali. Simama tu Malaba kando ya ile foleni ya malori. Nyingi inayoenda Uganda ni ya kutoka Pwani, maeneo ya Gongoni na Marereni, mahali wanaingiza bahari kwa mabwawa mapana, jua linakunywa maji, chumvi inabaki. Kwa hivyo bahari hufika Malaba kila siku, imefungwa kwa magunia, inangojea stempu.

Maji yetu nayo yanaenda upande ule mwingine, na hapa watu wa Malaba hukosea sana. Mto Sio unashuka ziwani Sio Port, lakini Mto Malaba hauingii Ziwa Victoria kabisa. Unatoka Mlima Elgon, unavuka Uganda, unaungana na Mpologoma na kuishia Ziwa Kyoga. Maji ya Sio yanazunguka, yanatoka ziwani pale Jinja, yanateremka na Nile, na Kyoga ndipo yanapatana na ya Malaba. Kutoka hapo yanaenda pamoja, Sudan Kusini, Sudan, Misri, mpaka Mediterania, kwenye maji ya chumvi. Huko ndiko pweza wa kwanza kwenye hiyo njia anapatikana, zaidi ya kilomita elfu 5 kutoka soko la Busia.